Puli ya Chuma Kitupu

Mahindi yalianza kutoka chenga. Injini ilinguruma vile vile, moshi ulitoka vile vile, lakini Kavenya alipoingiza kiganja kwenye mdomo wa chini wa kinu na kuusugua unga kwa kidole gumba, alijua kuna jambo. Akampungia mkono mumewe azime. Wanawake waliopanga beseni zao kuanzia mlangoni hadi kwenye mikorosho wakaanza kunong'ona, kwa maana mashine ikizimwa kabla ya zamu yako hiyo ni habari yako pia.

Fundi Rai alifika na baiskeli yake kutoka Ukunda, akachuchumaa mbele ya injini, akaishika ile puli ya mbele na kuizungusha kwa mkono. Ukingo wa nje ulizunguka. Kitovu cha ndani kilitulia tuli.

"Mwaona?" alisema. "Hii si chuma kimoja. Ni vyuma viwili, kimoja ndani ya kingine, na katikati pana raba. Raba imekufa. Sasa injini yazunguka, na chuma cha nje chabaki kuuliza kuna nini."

"Si tununue nyingine?" Muema akauliza.

"Utanunua, na baada ya muda mfupi utaniita tena. Puli hii ilitengenezwa izungushe feni na kuchaji betri, si kusukuma kinu. Nilikwambia tangu ulipoiteremsha hii injini kutoka kwenye gari, nguvu ya kusagia hutolewa nyuma, kule kwenye gurudumu zito. Tuvunje huu msingi wa saruji, tuigeuze injini, tumwage saruji nyingine, nitafute shafti ya kuunganisha. Ni kazi ya wiki kadhaa."

Waliposikia habari ya wiki, wanawake wawili waliinama wakajitwika beseni zao. Kavenya aliwaona. Ilikuwa Desemba, Ramadhani inabisha hodi, na mwaka huo Krismasi ingeangukia humo humo ndani ya mwezi mtukufu. Kila nyumba ya Bongwe ilitaka unga: Wadigo wa uji wa kufuturia, watu wa bara wa sikukuu yao. Mashine ambayo ingelala wakati huo ingeamka na kukuta wateja wote wamezoea ya Ukunda.

Lakini si wateja waliomkosesha Kavenya raha. Kitheka, kaka yake Muema, alikuwa ameshasema neno lake: kama biashara ya mashine haijasimama imara kufikia Krismasi, angekuja na lori awarudishe Kitui, mke, mume na watoto, awaache wenye pwani na pwani yao. Muema alikuwa amekubali kwa ule ukimya wake. Tangu hoteli ya Diani ilipoachisha madereva kazi baada ya vurugu za kuwafukuza watu wa bara mwaka uliotangulia, ikampa gari bovu la watalii, lililotoa injini hii, mahali pa haki yake, mtu huyu hakuwa tena na jambo analolipigania. Kavenya alikuwa nalo. Miezi waliyokimbilia Kitui, alipikia jiko la mke wa Kitheka, na kila asubuhi mama yule alikuwa akiwapimia watoto wa Kavenya sukari kwa kijiko huku akimtazama yeye usoni. Bongwe alikuwa na mlango wake na kufuli yake. Afadhali afe hapa kuliko kurudi kule kupimiwa sukari.

"Fundi," akasema, "hivi vyuma viwili haviwezi kuchomelewa vikawa kimoja?"

Rai akamtazama. "Vyaweza. Naweza hata kukereza puli mpya, ya chuma kitupu, kubwa kuliko hii, yenye njia mbili za mkanda. Itasaga hata kokoto. Lakini, mama Mercy, raba haikuwekwa pale kwa mapambo. Kila pistoni ikipiga, shafti ya injini hujipinda kidogo, ikajinyoosha. Huo mtikisiko humezwa na raba. Ukiiondoa, shafti itaumeza yenyewe."

"Na ikishindwa kuumeza?"

"Huvunjika."

"Umewahi kuona ikivunjika?"

Rai alikuna kidevu. Angesema uongo kidogo tu hapo, mambo yangekwenda njia nyingine, lakini alikuwa mtu mkweli. "Kuona, la. Niliambiwa na bwana aliyenifunza kazi, Mombasa."

Niliambiwa! Neno hilo lina uzito gani mbele ya mtu mwenye haja? Kavenya aligeuka akamtazama mumewe, Muema akatazama mikorosho.

"Basi kaikereze," akasema Kavenya.

"Baba Mercy?" Rai aliuliza, akitaka kusikia sauti ya mwanamume.

"Si ushasikia? Mwenye mashine ni yeye." Muema alicheka kidogo. Mmoja wa wanawake kwenye foleni akasema kwa sauti ya kusikika, "Wallahi hapa kilemba kimevaliwa jikoni," na wenzake wakaangua kicheko. Muema naye akacheka pamoja nao, na hilo lilimuuma Kavenya kuliko maneno yenyewe.

*

Puli mpya ilikuwa nzito hata Rai aliifunga nyuma ya baiskeli na kuikokota badala ya kuipanda. Ilipofungwa mahali pake ilikataa kuingia ndani ya wavu wa chuma uliokuwa ukifunika mikanda. Rai akaukata wavu. Aliahidi kurudi na mwingine mkubwa zaidi, na ahadi za mafundi mwazijua.

Kabla hajaondoka aliiwasha injini, akawa anaongeza mafuta polepole huku ameinamisha kichwa. Ilipofika kiwango fulani sauti ikabadilika. Ikaanza kuvuma kwa ndani, mvumo mzito unaopanda kwenye nyayo, na bati la paa likatetemeka. Alipoongeza zaidi, mvumo ukapotea.

"Umesikia pale?" alimwambia Kavenya. "Pale si mahali pa kukaa. Ukipafikia, pita. Panda juu yake ama shuka chini yake, usipange nyumba."

Kavenya akajifunza. Mkono wake ulijua kulivusha lile fundo la mvumo haraka, kama mtu anayevuka barabara, na ng'ambo yake mashine ilisaga vile ambavyo haijawahi kusaga. Unga ulitoka laini, tena moto kiganjani. Foleni ikarudi. Muema mwenyewe alianza kuamka mapema na kukagua mikanda, na jioni moja alisikika akiwaambia wanaume wenzake kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kila asubuhi Kavenya alikuta nati za msingi zimelegea, akazikaza kwa spana bila kumwambia mtu. Mashine ni kama mtu, alijiambia, haikosi maradhi madogo.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa jirani yao Mwanaima, mke wa Shutu mkwezi wa minazi. Mwanamke huyu ndiye aliyewafungia Kavenya na watoto chumbani kwake siku za vurugu, akasimama mlangoni na mwiko mkononi akiwaambia vijana wenye mapanga kwamba ndani mna mgonjwa wa ndui. Na mashine ilipoanza, watu walipokuwa wakipita mbali nayo, ndiye aliyejitwika mahindi saa za mchana, kichwa juu, akapita katikati ya kijiji ili kila mtu aone anakokwenda. Mtu wa namna hiyo humlipi. Unaomba Mungu tu asije akahitaji kulipwa.

Bongwe mwanamke haachi nafaka yake kwa mwenye mashine akaenda zake. Atakwambia anakuamini kama nduguye, kisha atasimama pale pale kwenye mdomo wa chini, ameshika mfuko wake mwenyewe, mpaka chembe ya mwisho itoke, unga wa mwenziwe usije ukaingia kwake wala wake usibaki. Hakuna anayeona hiyo kuwa dharau. Na mdomo wa chini wa kinu cha Muema ulielekea upande wa mikanda.

*

Siku ya kuvunja jungu, watu walipokuwa wakila na kushiba kabla ya mfungo, Mwanaima alikuja na mchele. Alikuwa ameuosha na kuuanika kivulini, mweupe pe, wa unga wa vitumbua.

"Mama Mercy, shangazi yao wanangu anakuja kufuturu kwangu kesho," alisema akiteremsha ungo. "Mwanamke yule ana ulimi. Kitumbua kisipoumuka atakisimulia mpaka Vanga. Usinichomee mchele wangu."

"Nikuchomee wewe?"

"Wewe ndiye mchomaji mkubwa. Tangu upate chuma chako kipya, mahindi yetu yatoka yameiva kabisa, sima twaila bila kupika."

Wakacheka. Kavenya alipitisha pumba kwanza, kufagia mahindi yaliyobaki ndani ya kinu, kisha akaanza kumimina mchele. Aliivusha injini juu ya mvumo kama kawaida yake. Mwanaima, aliyekwisha kusimama mahali pake na mfuko wake, akachota unga kidogo, akaunusa.

"Wachoma. Shusha."

Kavenya akashusha hadi chini ya mvumo. Kinu kikakwama, kikatema mchele nusu nusu. Akapandisha kidogo. Bati la paa likaanza kutetemeka, na unga ukaanza kuteremka wa baridi, laini, unaomwagika kama maji. Mwanaima akaupokea kwa kiganja, uso ukamkunjuka.

"Hapo hapo. Usiguse."

Mkono wa Kavenya ulikuwa kwenye kamba ya mafuta. Alisikia ule mvumo nyayoni, akakumbuka alichoambiwa. Akautazama ungo, mchele uliobaki haukuwa mwingi. Akamtazama Mwanaima, ambaye hajawahi kumwomba kitu tangu wajuane. Ni ungo mmoja tu, akajiambia. Akaiacha pale.

Mlio uliosikika haukuwa mkubwa, ulikuwa mlio wa kijiti kikavu kinachovunjwa kwa goti. Shingo ya shafti ilikatika, puli ikachomoka na mikanda yake, ikagonga sakafu mara moja na kumkuta Mwanaima chini ya paja. Injini, iliyokuwa imetuliwa mzigo, ikapiga kelele juu kwa juu mpaka Muema alipokuja mbio akaikaba. Mwanaima alikuwa ameketi chini. Hakulia. Alikuwa bado ameushika mfuko wake, anaufunga mdomo usimwagike, na Kavenya alipopiga magoti karibu naye ndipo alipouona mguu ulivyogeukia upande ambao mguu haugeukii.

*

Walimpeleka hospitali ya Msambweni nyuma ya pikapu ya kubebea mchanga. Mguu ulikatwa juu ya goti.

Watu walijaa kwenye kibanda cha mashine, na hawakuja kusaga. Kijana mmoja alisema mwaka jana kazi iliachwa njiani, mwingine akaitikia. Muema alisimama mlangoni mikono imelegea, na ndani Kavenya alikuwa akiwavisha watoto viatu, kwa kuwa alikwisha kujifunza kwamba watoto wasio na viatu hawakimbii mbali. Hapo ndipo Shutu alipotokea, ametoka hospitali moja kwa moja, damu ya mkewe imemkaukia kwenye kikoi.

"Nyamazeni," alisema. "Aliyeumia ni mke wangu, si mke wenu. Chuma kimevunjika. Chuma hakikutumwa na mtu. Hii ni kadari, na mimi nimeipokea." Akamgeukia Muema. "Wazee wataniambia nidai fidia. Sidai. Na lori la ndugu yako nasikia laja. Lisije. Mkihama leo, hawa watasema mlikuwa na jambo mkalikimbia. Kaeni."

Muema alimshika Shutu mkono kwa mikono yake miwili, akalia mbele za watu. Kavenya alisikia kila neno kutoka ndani. Kaeni. Neno alilolitamani mwaka mzima limesemwa na mwenyeji mwenyewe, hadharani, na yeye alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku iliyofuata Rai alikuja. Aliokota kipande cha shafti kilichobaki ndani ya puli, akakigeuza kwenye mwanga, kisha akamwita Kavenya pembeni. Mahali kilipokatikia, sehemu kubwa ilikuwa nyeusi na laini, na ukingoni tu paling'aa.

"Hapa penye weusi ni pa zamani," alisema kwa sauti ya chini. "Ufa ulianza kitambo, labda tangu siku za mwanzo. Hapa panapong'aa ndipo palipomalizikia." Akakitia kile kipande mfukoni mwa ovaroli. "Mimi nilikata wavu, sikurudi. Nami nina watoto, mama Mercy. Mtu akiniuliza, nitasema chuma kimevunjika. Na wewe sema hivyo."

"Shutu ameshasema hivyo."

"Basi tumwachie maneno yake."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema guu la nani. Kavenya alikwenda na methali hiyo kisimani, akarudi nayo, akalala nayo. Majirani wa kike walimjia kumpa pole, yeye! Walimletea ndizi. Walimwambia ajikaze, kwamba Mwanaima mwenyewe kila amwonaye anamuuliza hali ya mama Mercy.

*

Kavenya alimkuta Mwanaima wodini, ameegemea mto, shuka limelala tambarare pale palipostahili kuwa na mguu. Shutu alitoka nje kuwapisha. Kavenya alimimina uji kikombeni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Mgonjwa ni mimi ama ni wewe?" Mwanaima akakipokea kikombe. "Nimeruhusiwa kula, nitalipa siku zangu nikipona. Ule unga wangu wa mchele nani aliuchukua?"

"Upo. Nimekuwekea."

"Mpe shangazi yao. Amekuja kufuturu akakuta msiba, hata ulimi umemkatika." Alicheka, kicheko kikakatizwa na maumivu, akangoja yapite. "Huu mguu waniwasha, Kavenya. Mguu wenyewe haupo, nao waniwasha. Nauinamia nikaukune, nakuta shuka. Siku za mwanzo nililia sana. Sasa nikiamka nasema, ewe Mola, wewe ndiwe uliyeuumba na wewe ndiwe uliyeutaka. Nikishasema hivyo, moyo watulia, nalala."

Kavenya aliitazama ile mikono iliyoshika kikombe. Ilikuwa imetulia kweli. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani na uamuzi wa kunyamaza, alikuwa nao hata alipoingia wodini. Lakini kukaa pale na kubembelezwa na mtu uliyemkata mguu ni jambo ambalo hakuwa amelipimia nguvu zake.

"Dada, ile puli tuliambiwa."

"Mliambiwa nini?"

"Fundi alisema tusiweke chuma kitupu. Alisema shafti itavunjika. Muema hakutaka wala hakukataa. Mimi ndiye niliyesema aikereze."

Mwanaima aliweka kikombe juu ya kijikabati, taratibu. "Na siku ile, nilipokwambia hapo hapo, usiguse?"

"Hapo ndipo nilipokatazwa kukaa."

"Ulikuwa ukijua."

"Nilikuwa nikijua."

Wodini mtoto wa mtu alikuwa akilia, mama yake akimwimbia kwa sauti ya kuchoka. Mwanaima hakupandisha sauti, na Kavenya angependa mara mia atukanwe.

"Ungeninyamazia."

"Dada, sikuweza. Unanihurumia, nami—"

"Ungeninyamazia, Kavenya. Nilikuwa nimeshapatana na Mungu. Yeye ana haki ya kuchukua, siwezi kumuuliza. Sasa waniambia si yeye, ni wewe. Umekuja kuutua mzigo wako hapa, juu ya kitanda changu, ukaende nyumbani mwepesi. Na mimi usiku nikiwashwa nimwite nani?"

Kavenya alinyoosha mkono kuugusa wa mwenziwe. Mwanaima aliuondoa wake, akaufunika kwa shuka.

"Nenda. Mwite Shutu."

*

Nyumbani alimkuta Muema na nyundo kubwa, jasho linamtiririka, anavunja msingi wa saruji. Alikuwa anapiga mluzi. Hakuwa amemsikia akipiga mluzi tangu siku za hoteli.

"Rai amekubali," alisema alipomwona. "Tutatafuta shafti nyingine ya injini, halafu tunaigeuza, nguvu itoke nyuma kama alivyosema. Bila malipo, amesema. Na nimempelekea kaka ujumbe kwamba lori lisije. Tunakaa, mama Mercy. Umefurahi? Mgonjwa hajambo?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia nini?"

"Yote."

Muema aliiteremsha nyundo. Uso wake ulizeeka pale pale. "Kwa nini? Mwenye mke alikwisha kusamehe."

"Alisamehe asichokijua."

"Na sasa anakijua. Umefaidi nini?" Akakaa juu ya mabonge ya saruji, akajifuta uso kwa fulana. "Ni wewe uliyetaka kukaa. Mimi ningehama zamani, mguu wa watu uko mzima."

Hilo lilikuwa kweli tupu, naye hakulisema kwa ubaya. Kavenya alisimama akiitazama mikorosho, pale foleni ilipokuwa ikijipanga zamani.

"Mpelekee kaka yako ujumbe mwingine," alisema. "Lori lije."

Hakuna aliyewafukuza. Hakuna kijana aliyekuja na panga wala mzee aliyekuja kudai. Hakuna aliyekuja kabisa, na siku zile za mwisho watoto wa jirani walikuwa wakiitwa nyumbani kila waliposogelea ua wao. Lori la Kitheka lilipakiwa asubuhi: vitanda, magodoro, kuku kwenye tenga, na kinu. Injini iliachwa.

Walipokuwa wakitoka kijijini, barabara ilipita chini ya minazi ya Shutu. Alikuwa huko juu, miguu ameikaza kwenye shina, anadondosha madafu. Dereva alipunguza mwendo, kwa maana madafu yalitapakaa njiani. Kavenya, aliyekaa nyuma juu ya magodoro na Mercy ubavuni, aliinua uso.

"Shikamoo, mzee Shutu!"

Panga liligonga shina la kole la madafu, dafu likaanguka. Likagonga tena, lingine likaanguka. Lori likasonga mbele.

"Mama," Mercy akasema, "hajasikia?"

"Amesikia," akasema Kavenya.